Mwanasesere Juu ya Gauni la Baba

Barua ya wiki hii imetoka Malindi. Majina tumeyaondoa na mambo mawili matatu tumeyageuza ili mwenyewe asijulikane.

*

Shikamoo Somo,

Naandika usiku, baba watoto amelala, na mwanga wa simu nimeupunguza kama mwizi. Nina miaka 33. Ndoa yetu ina miaka 13 na watoto wawili, mvulana wa miaka 12 na msichana wa miaka 8. Tumepanga upande wa Maweni. Baba watoto ni fundi mwashi. Mimi ni mpishi na mtunza nyumba kwa mama mmoja Mwitaliano kule Casuarina.

Mama huyo ni mjane wa miaka 74. Huja kila mwaka kaskazi ikianza kuvuma, akakaa toka katikati ya Desemba mpaka mwisho wa Februari, kisha hurudi kwao Torino. Watoto wangu humwita Nonna, yaani bibi kwa Kitaliano, na ni yeye mwenyewe aliyewafundisha. Nimemfanyia kazi miaka sita. Miezi ambayo hayupo hunilipa nusu mshahara nifungue madirisha, nipige deki na kumsimamia mtu wa bwawa. Sina neno baya la kumsema.

Kila Desemba huja na sanduku zima la zawadi za wanangu. Jioni ya tarehe 24 hutuita kwake. Mti umepambwa, panettone, keki yao ya Krismasi, imekatwa, watoto wanafungua zawadi moja moja na yeye anapiga picha. Tarehe 6 Januari huwapa tena soksi zilizojaa peremende, anasema zimeletwa na Befana, kizee cha kwao kinachopita usiku juu ya ufagio. (Mavyaa aliposikia habari za kizee na ufagio usiku alisema hata kwetu wapo, ila hatuwatundikii soksi.)

Baba watoto naye ana desturi yake, nguo za Krismasi. Amezaliwa Kakuyuni, wa tano kati ya watoto saba, na anasema nguo mpya aliipata mara moja kwa mwaka, Krismasi, nyingine zote zilikuwa za kurithi kwa kaka zake. Kwa hiyo kila mwaka, hali iwe ilivyo, huenda sokoni mwenyewe, si mimi. Mitumba hataki. Huingia duka hili akatoka lile, anamwonyesha muuzaji urefu wa mtoto kwa kiganja, hapa kifuani, hapa begani.

Krismasi iliyopita alimletea binti yetu gauni la manjano lenye marinda, shilingi 1,400. Mwaka huohuo Nonna alikuwa amemletea mwanasesere mkubwa anayefumba macho, ukimbonyeza tumbo anasema Kitaliano. Asubuhi ya tarehe 25 baba watoto akatoa mfuko wake. Mtoto akasema asante baba, akalitandika gauni sakafuni, akamkalisha mwanasesere juu yake asishike vumbi. Kisha akatoka kwenda kuita wenzake waje kumwona.

Baba watoto alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema kitu. Mtoto alipotoka akamwinua mwanasesere akamweka kando, akalikung'uta gauni, akalikunja vizuri, akalirudisha kwenye mfuko. Mimi nilikuwa jikoni, nilimwona kupitia pazia. Baadaye tulikwenda ufuoni kama watu wote, akatununulia soda na viazi karai, akacheka na kila mtu. Nikadhani yamepita.

Mwezi uliopita tulikuwa tunakula, mvulana akauliza Nonna atakuja lini. Baba yake akaweka tonge chini, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mwaka huu zawadi ya nyumba ile haitavuka mlango huu." Akaendelea kula. Nimejaribu mara mbili kuzungumza naye, jibu ni lile lile: "Nimeshasema."

Siku tisa zilizopita Nonna alinitumia ujumbe akiuliza saizi za viatu vya watoto. Sijajibu. Atafika tarehe 18.

Jirani yangu ananishauri zawadi zibaki kule kazini, watoto wachezee hukohuko, baba asijue. Mwenzangu wa chama anasema nimwombe Nonna anipe pesa badala ya vitu, pesa haina sura. Dada yangu anasema mume anayekataa zawadi ya watoto ashukuru Mungu kwanza, halafu aulizwe yeye amewaletea nini.

Kuna jambo jingine, Somo, na nimelifuta mara tatu kabla ya kuliandika. Tangu Januari binti yetu anasoma shule ya kibinafsi, karo shilingi 14,000 kila muhula. Baba watoto anajua pesa hizo zinatoka kwenye chama changu. Hazitoki huko. Anayelipa ni Nonna. Alijitolea mwenyewe baada ya kumsikia mtoto akisoma, na mimi nikasema ni chama kwa sababu nilijua mume wangu angekataa. Nilitaka mtoto awe ameshaanza. Nikajiambia nitamwambia muhula wa pili. Sasa mihula mitatu imeisha. Chama chetu ni wanawake kumi, shilingi 500 kwa wiki. Na yeye anawasifia ndugu zake: "Mke wangu ana chama kinachosomesha."

Pasaka mavyaa alinipa leso, jina lake "Mdhaniaye ndiye kumbe siye." Sijaivaa mpaka leo. Najiuliza kama ameshajua.

Mimi naona baba watoto ana wivu tu, na wivu wa mtu mzima kwa mwanasesere ni aibu hata kuusimulia. Lakini pia namwonea huruma. Kazi siwezi kuipoteza, watoto sitaki kuwanyima, na vita ndani ya nyumba siku ya Krismasi sivitaki. Nifanye nini?

Mama wa Wawili, Malindi

Nimesahau: mwanasesere alinyamaza Februari, hewa ya chumvi ilikula betri zake. Lile gauni binti bado analivaa kanisani. Limembana makwapani, pindo nimelishusha mara mbili, na nikisema tumpe binamu yake wa Kakuyuni analia.

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikakuonea huruma wewe, mara ya pili nikamwonea huruma mumeo. Mara ya tatu nilianzia kule mwisho, kwenye yale uliyosema umesahau, na nikakaa hapo muda mrefu. Tutarudi hapo.

Kwanza nikuambie nilivyokuelewa, unisahihishe nikikosea. Kuna watu wawili wanaowapenda wanao na kila mmoja anasema upendo wake kwa zawadi, siku moja, mbele ya watoto walewale. Mmoja anasema kwa sanduku, mwingine kwa mfuko mmoja. Wewe umesimama katikati, mke kwa huyu, mfanyakazi kwa yule, na kila upande kuna neno ambalo hujalisema. Huyu mmoja ametangaza, mwingine anangoja saizi za viatu, na siku zinakwisha.

Umemwita mumeo mwenye wivu. Inawezekana. Lakini neno hilo nataka tulichunguze kabla hatujalivaa, maana ukishamwambia mwanamume ana wivu na mwanasesere umemfungia mlango wa kusema lolote lingine. Naijua Malindi. Fundi mwashi hapa mjini ana msimu wake, na msimu wake ni kinyume cha wako. Wenye nyumba wakiondoka na masika yakipungua, ndipo kuta zinapigwa plasta, mabwawa yanazibwa nyufa, makuti yanabadilishwa. Mpaka Novemba fundi ana kazi. Ikifika Desemba nyumba zote zimejaa wageni, na hakuna mgeni anayetaka vumbi na nyundo akiwa kitandani. Wewe unaanza kupata siku ambazo yeye anaanza kukosa. Kwa hiyo ile 1,400 ya gauni, mwanangu, yaelekea sana haikuwa pesa ya Desemba. Ilikuwa pesa ya Agosti au Septemba iliyopitishwa miezi kadhaa bila kuguswa, ikaponea kodi, ikaponea unga, ikaponea mtu wa familia aliyeumwa. Je, uliwahi kumuuliza aliiweka wapi?

Mumeo si wa kwanza katika mji huu kuona zawadi yake imelinganishwa ikachekwa. Ile nguzo ya Vasco da Gama wageni wanayopigia picha, mwenyewe aliyeisimamisha alitoka hapa mwaka 1498 akiwa na nahodha aliyepewa na mfalme wa Malindi, akafika Calicut, India, akatoa zawadi zake kwa mfalme wa kule: kofia sita, mabeseni sita ya kunawia, nguo, sukari, mafuta na asali. Watu wa mfalme walicheka wakasema hata mfanyabiashara masikini kabisa anayetoka Makka huleta zaidi ya hivyo. Hakusahau. Simlinganishi mumeo na yule Mreno, Mungu apishe mbali, ila mtu akichekewa mkono wake hukumbuka, na pale kwenu hakuna hata aliyecheka. Mtoto wa miaka 7 alitafuta tu kitu cha kumkalishia mgeni wake.

Sasa yatazame maneno yenyewe aliyosema. Hakusema watoto wasiende kwa Nonna. Hakusema uache kazi. Wala hakumtukana yule mama. Alisema zawadi haitavuka "mlango huu", na mlango huo ndio aliosimama siku ile. Mimi nasikia mtu anayetaka asubuhi moja, ndani ya nyumba anayoilipia kodi, mfuko wake ufunguliwe usiwe wa pili. Naweza kuwa nakosea. Wewe unamjua, mimi namsoma tu kwenye simu yako.

Lakini kuna kitu ninacho hakika nacho kwa kuwa umekiandika mwenyewe. Ulimwona kupitia pazia, na yeye hajui kwamba kuna mtu alimwona. Mwaka mzima anadhani lile gauni alilikunja peke yake. Umejaribu mara mbili kuzungumza naye kuhusu Nonna, zawadi na watoto. Hujawahi, kama nimesoma vizuri, kuzungumza naye kuhusu gauni. "Siku ile nilikuona" ni maneno matatu tu. Sisemi yatamlainisha. Yanaweza hata kumuudhi, wengine hawapendi kuonwa wakiumia. Lakini yanaanzia pale anapoumia, na ukianza na Nonna atakujibu tena "nimeshasema."

Na hili la mtoto kulilia gauni lililombana, yeye anajua? Najua utasema anamwona akilivaa kila Jumapili. Mwanangu, kuna wanaume wangapi wanaojua mtoto amevaa nini kanisani? Huenda hata habari ya pindo haijamfikia. Ila usiipeleke habari hiyo kama hongo, ukamwambia leo halafu kesho ukamwomba kibali cha sanduku. Ataona mara moja unakoelekea. Kama ni ya kumwambia, mwambie kwa sababu ni kweli, na uiache hapohapo.

Nije kwa Nonna. Unaogopa ukimwambia neno utapoteza kazi. Miaka sita, je, umemwona akimfukuza mtu kwa kuambiwa ukweli kwa adabu? Kama umemwona, hofu yako ina msingi. Kama hujamwona, labda hofu hiyo tumeirithi. Waitaliano tuko nao tangu enzi za San Marco kule Ngomeni, walikorusha setilaiti toka baharini kwetu mwaka 1967, na katika miaka yote hiyo tumejifunza kuwaambia "ciao" na "grazie" kuliko tulivyojifunza kuwaambia "kwetu ni hivi." Mjane wa miaka 74 anayebeba sanduku toka Torino anatafuta kitu, na nadhani kiko kwenye zile picha, nyuso za watoto. Amekuuliza saizi. Mtu anayeuliza bado hajaamua. Sidhani kuna aliyewahi kumweleza kwamba baba wa watoto hawa ana zawadi yake ya kila mwaka na huichagua kwa kiganja.

Hata hivyo sitaki nikudanganye kwamba yule ni bibi yenu tu. Anayekulipa mshahara, hata akikupenda, bado anakulipa mshahara. Akihisi amekataliwa anaweza kunyamaza, akapoa, na nusu mshahara ya miezi ya masika ikaanza kuchelewa. Kwa hiyo mambo mawili uyapime kabla hujafungua kinywa: unasema nini, na unamsema nani. Ukimwambia "mume wangu amekataza", umempa sura ya mume mkali na yeye atakuhurumia wewe, na huruma hiyo italeta zawadi zaidi kwa mlango wa nyuma. Ukimwambia "kwetu asubuhi ya Krismasi ni ya nguo za baba", umemweleza desturi, na desturi yeye anazielewa, anazo zake chungu nzima.

Ushauri wa jirani yako, zawadi zibaki Casuarina, naona kwa nini umekuvutia. Hakuna anayegombana, hakuna anayekosa. Lakini atakayebeba siri hiyo ni nani? Ni mtoto wa miaka 8, anayeitwa na baba yake jioni na kuulizwa leo umecheza nini. Siku moja atasema. Au hatasema, na hapo ndipo ningeogopa zaidi. Ule wa mwenzako wa chama, pesa haina sura, nao una tatizo lake: pesa ina sura nyumbani kwenu tayari, tutaiona hivi punde. Tena ukimwomba mwajiri pesa badala ya zawadi, kesho hutajua ipi ni zawadi na ipi ni malipo, wala yeye hatajua. Kuhusu dada yako, swali lake la "yeye amewaletea nini" lina jibu, gauni, na jibu hilo ndilo linalouma, kwa hiyo namwomba alihifadhi.

Kuna njia nyingine mbili tatu ninazoziona, kila moja na miiba yake. Ya kwanza ni ile Befana iliyomtisha mavyaa wako. Kwa Waitaliano wengi tarehe 6 Januari ni siku ya watoto kupata zawadi kama ilivyo Krismasi yenyewe. Nonna akikubali kuhamishia zawadi zake huko, asubuhi ya 25 inabaki ya mfuko wa baba, gauni linavaliwa linakwenda ufuoni, na siku kumi na mbili baadaye kizee kinapita na ufagio wake. Hakuna aliyenyimwa. Ubaya wake ni kwamba Nonna atakosa ule usiku wake wa 24, na usiku huo kwa mjane ni mrefu. Labda mwende hata hivyo, mle panettone, mkae naye mikono mitupu. Na lingine: hilo bado ni kuvuka mlango, ila kwa tarehe nyingine. Mumeo anaweza kuliona kama ujanja. Bila yeye kushirikishwa mwanzo, ni ujanja kweli.

Ya pili ni kupunguza ukubwa. Ameuliza viatu. Viatu vya shule, vyeusi, vya Januari, si kitu cha kushindana na gauni. Wapo akina baba ambao kiatu cha shule kingewapumzisha, na wapo ambao hicho ndicho kingewauma zaidi, maana mwanasesere ni mchezo lakini kiatu ni wajibu wake. Mumeo ni yupi? Ya tatu, zawadi zipitie mikononi mwake, Nonna amkabidhi yeye, na yeye ndiye awape watoto. Wengine huona hiyo ni heshima. Mimi nina wasiwasi nayo, naona kama kumfanya mwanamume mchukuzi wa sanduku la mtu mwingine, lakini huenda ni ukaidi wangu wa uzee.

Sasa tuje kwenye karo. Ulifuta mara tatu, ukaandika mara ya nne. Ahsante kwa kuandika.

Sikuiti mwongo. Mama anayeona mlango wa shule umefunguka kwa mwanawe akamsukuma aingie kabla haujafungwa, namjua, nimewaona wengi, na mmoja namwona kwenye kioo. Ila tazama jinsi mambo yalivyokaa. Mumeo amekataza zawadi ya nyumba ile isivuke mlango, na kubwa kuliko zote imeshavuka mara tatu, shilingi 42,000, ikiwa imevaa jina la chama chako. Mwanasesere alilishinda gauni. Hii itashinda nini siku akiijua? Na ndugu zake aliowasifia atawaambia nini?

Na hapa nina swali ambalo naliuliza taratibu. Mumeo ni fundi. Kazi yake ni kutazama ukuta akakwambia mifuko mingapi ya simenti, tripu ngapi za mchanga, kwa macho tu, na asipopatia anakula hasara. Mtu huyo kweli ameshindwa kujumlisha wanawake kumi kwa shilingi 500? Hiyo ni 5,000 kwa wiki, na zamu yako inakuja mara moja katika wiki kumi. Sisemi anajua. Nasema tu kwamba kama anajua, au anashuku, yale maneno ya mezani yanasikika tofauti. Huenda hakuwa anazungumzia mwanasesere. Huenda alikuwa anakufungulia nafasi ya kusema, kwa njia mbovu wanayotumia wanaume wengi, ya kufunga mlango kwa kishindo ili uulizwe una nini.

Kumwambia kabla ya Krismasi kuna hatari. Sikukuu inaweza kuharibika, na anaweza kusema mtoto atolewe shule Januari, kwa hasira ya wiki moja inayolipiwa na mtoto kwa miaka. Kumwambia baada ya sikukuu kuna hatari yake pia, na hii sidhani umeifikiria: Nonna. Miaka yote hiyo ya kuja Malindi, Kiswahili cha sokoni hakimpigi chenga. Tarehe 24, amefurahi, amekunywa glasi yake, amemshika mtoto kichwa, kitu gani kitamzuia kumwambia mumeo, "Shule nzuri, eh? Anasoma vizuri"? Hajui kwamba ni siri. Au anajua? Hukuniambia. Kama hajui, siri yako iko mikononi mwa mtu asiyejua ameishika. Kama anajua, basi watu wawili wa nyumba ile wanajua jambo la nyumba ya mumeo kuliko mumeo, na hilo pia lina uzito wake.

Ukiamua kusema, siri na zawadi usizichanganye katika kikao kimoja kama unaweza. Ukianza na "Siku ile nilikuona", huenda ukahitaji usiku mzima kwa hilo peke yake. Karo iwe na usiku wake, watoto wakiwa Kakuyuni kwa bibi yao, na hesabu ukiwa nayo mkononi: imelipwa kiasi gani, lini, na wewe mwenyewe ulikuwa unaogopa nini. Uje pia na swali ulilo tayari kusikia jibu lake, kwamba yeye angependa iweje kuanzia Januari. Huenda akasema alipe nusu. Nimeona ndoa zikipona kwa nusu. Huenda akasema mtoto arudi shule ya umma, na hapo mtakuwa na mazungumzo marefu ambayo hayawezi kumalizwa na barua yangu.

Hukuandika popote kwamba mumeo amewahi kupaza sauti au kuinua mkono. Kama ni hivyo, vizuri. Kama kuna ulichokiacha, usimwambie mkiwa wawili tu. Tafuta mtu mzima anayemheshimu akae karibu, awe kaka yake mkubwa au mzee wa kanisa, hata kama ni chumba cha pili.

Halafu leso. Hapa kwetu leso inasomwa, najua, na wapo mavyaa wanaopiga kwa jina la leso kuliko kwa ulimi. Lakini wapo pia wanaoingia dukani, wakashika ile yenye rangi waliyoipenda, wakalipa doti nzima, wasijue hata imeandikwa nini. Wako ni yupi? Kama hasomi, tangu Pasaka umekuwa ukihukumiwa na muuza leso. Ivae siku moja ukienda Kakuyuni, umtazame usoni anavyokupokea. Utajua mapema kuliko kunisubiri mimi.

Kwa leo, lililo karibu ni ule ujumbe. Siku tisa ni nyingi kwa mama wa watu aliyepanga sanduku. Huhitaji kumpa saizi, wala huhitaji kumweleza habari ya mlango. "Nimeupata ujumbe wako, nipe mpaka Jumapili nizungumze na baba yao kwanza" inatosha kumtuliza, na haina uongo ndani yake. Ila ukishaituma, Jumapili itabidi uzungumze na baba yao kweli.

Niandikie tena. Na niambie leso ina rangi gani.

Somo wako